Miezi mitano na beseni la Langmuir hapa Dar, uzoefu wangu

Hili beseni dogo la Langmuir ni used, mi na mwenzangu wa maabara tuliagiza nje tukachanga zaidi ya milioni nne ukiweka na ushuru wa bandarini, na kiukweli nalipenda sana, ila kuna vitu tungeambiwa mapema tusingeteseka.

Ni kifaa cha kuchunguza utando mwembamba sana, unene wa molekyuli moja, ulioelea juu ya maji. Lenyewe ni sinia la tefloni, unajaza maji mpaka yanavimba juu ya ukingo, kuna vizuizi viwili vinasogeleana taratibu na katikati kikaratasi cha kuchujia kinaning'inia kwenye sensa ya kupima mgandamizo wa utando, yaani utando umeshusha mvutano wa uso wa maji kwa kiasi gani. Mi naweka 8CB, likwidi kristali ya jamii ya zile za kwenye skrini, nimeiyeyusha kwenye klorofomu, nadondosha matone kwa sirinji, nasubiri robo saa klorofomu iishe ndo naanza kubana. Mwanzo grafu ya mgandamizo imelala tu, molekyuli zimetawanyika. Halafu inapanda, zimeshashikana tabaka moja. Ikifika kama milinyutoni 5 kwa mita inalala tena aisee, unabana na eneo linapungua lakini mgandamizo haupandi! Ni kama daladala ya Mbagala jioni, siti zikijaa watu wanapakatana, na molekyuli nazo zinapandiana, kutoka tabaka moja yanakuwa matatu, na muda wote grafu imelala hizo hali mbili zipo pamoja juu ya maji kama barafu na maji kwenye glasi moja. Siku ya kwanza kuiona nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kufunga.

Sa shida ni maji. Yale ya betri ya dukani usijaribu kabisa, nilipoteza wiki mbili, grafu inapanda kabla hata sijaweka kitu, mafuta ya kidole tu yanatosha kuharibu. Agnes Pockels, mwanamke aliyejifunza sayansi mwenyewe, alikuwa anafanya haya nyumbani kwao Ujerumani, barua yake ikatoka kwenye jarida la Nature 1891, na mbinu yake ya kufagia uso wa maji kwa kizuizi ndo iliyoniokoa, nafagia, nafyonza, narudia.

Joto nalo. Kila nyuzi moja inashusha mvutano wa uso wa maji kama milinyutoni 0.15 kwa mita, kwaiyo umeme ukikatika AC ikazima chumba kikatoka 24 mpaka 31 umeshakosea kama milinyutoni 1 nzima, wakati unatafuta 5. Muuzaji alisema mashine ni kamili, kumbe pampu ya kuzungusha maji ya kutuliza joto haimo, hilo limeniuma mpaka leo. Hata 8CB yenyewe kwenye chupa ikifika nyuzi 33.5 inabadilika, ilikuwa nzito kama mafuta ya mgando unaona inaanza kutiririka, na mchana wa Februari hapa unafika hapo bila jiko.

Nimehamia usiku, naanza saa tano chumba kikishapoa. Jana nimerudia mara tatu, zote zimelala palepale kwenye 5.