Mtu Yule Yule kwa Mzee Yule Yule: Tathmini ya Huduma ya Kuwatembelea Wazee wa Makazini, Tabora

Makazi ya wazee hapa kwetu Tabora hayakosi wageni. Mwezi wa Ramadhani, wakati wa Krismasi na tarehe 1 Oktoba, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Wazee, magari huingia yakiwa na viroba vya unga, katoni za sabuni na vijana waliovaa fulana zinazofanana. Risala husomwa, picha hupigwa, na kabla ya adhuhuri uwanja huwa umebaki mtupu. Sibezi misaada hiyo, kwa kuwa wazee wanaihitaji na hushukuru wanapoipata. Huduma ninayoitathmini hapa, hata hivyo, ni ya namna nyingine. Humpeleka mtu mmoja, yule yule kila juma, akakae na mzee mmoja kwa muda wa saa moja na nusu hivi, wazungumze au wanyamaze.

Inaendeshwa na kikundi cha kujitolea cha wakazi wa mjini, wengi wao wakiwa walimu wastaafu, wauguzi na wanafunzi wa vyuo. Viongozi wake hawapendi kutangazwa, kwa hiyo sitakitaja jina kikundi wala makazi yenyewe. Mimi ni mmoja wa watembeleaji tangu kiangazi cha mwaka jana, na msomaji anapaswa kulijua hilo kabla ya kuzipima sifa nitakazozitoa.

Kujiunga si kugumu, ila hakufanyiki kwa siku moja. Mwombaji huleta barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, huonana na afisa ustawi wa jamii, kisha huhudhuria maelekezo ya kutwa nzima ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu bora ya mpango mzima. Tulifundishwa kukaa upande wa sikio linalosikia na kuuelekeza uso kwenye mwanga ili mzee aone midomo ikisema. Kujitaja jina mapema mbele ya mwenye mtoto wa jicho, asilazimike kubahatisha ni nani aliyemwamkia. Na kutomuuliza mzee aliyeanza kusahau kama anatukumbuka, kwa sababu swali hilo ni mtihani, na akishindwa huona aibu siku nzima. Mzee akimwulizia mke aliyekwisha kufariki, hatumtangazii msiba upya kila juma, bali tunamwomba atusimulie habari za mama huyo.

Makatazo nayo ni machache lakini yanasimamiwa. Mtembeleaji haruhusiwi kumpa mzee fedha, dawa wala ugoro, haruhusiwi kupiga picha, na haruhusiwi kuahidi siku ambayo hana hakika nayo. Katazo hili la mwisho lina uzito kuliko yote, kwani mzee aliyeambiwa kuwa mgeni wake atakuja Jumamosi huoga mapema, huvaa shati safi na kukaa barazani tangu asubuhi, na wenzake wote wanajua anamngoja nani. (Katazo la ugoro ndilo linalovunjwa zaidi. Katika mkoa unaolima tumbaku kama wetu, sijui ni nani aliyedhani litashikika.)

Ili kuelewa kwa nini ziara hizi zina thamani, ni lazima kujua ni nani wanaoishi makazini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiweka familia mbele katika matunzo ya mzee, na makazi yanakuwa hatua ya mwisho. Maana yake ni kwamba wengi tunaowakuta humo hawana mtoto wala mpwa wa kuwachukua. Tena Tabora ni njia panda ya reli tangu zamani: reli ya kati ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, kwa hiyo wapo waliokuja ujanani kufuata kazi ya reli au mashamba ya tumbaku, wakazeekea hapa, na kwao hakuna anayewajua tena. Kwa mzee wa namna hiyo, mtembeleaji hamsaidii mtoto anayekuja mara moja moja; ndiye mgeni pekee aliye naye.

Babu niliyepangiwa alikuwa mfanyakazi wa stesheni, na kikundi kilinipeleka kwake kwa sababu nilieleza kuwa marehemu baba yangu naye alifanya kazi reli. Upangaji huu hufanywa kwa makini, wakiangalia lugha, kazi ya zamani na hata tabia, na kwangu umefaa sana. Babu huyu hataki kuhurumiwa, anataka habari. Nilipomweleza kwamba mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, alinihoji kuhusu mapishano, breki na nani hubadilisha njia, hata nikalazimika kwenda kuuliza watu wanaojua na kumrudishia majibu juma lililofuata. Tukimaliza habari tunacheza bao, naye hunifunga mkononi mara nyingi, yaani kabla sijamaliza hata kunamua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi, kisha ananieleza kwa utaratibu nilipokosea. Kwa muda huo yeye ndiye mwalimu, na nadhani hapo ndipo huduma hii inapotofautiana na misaada mingine yote, ambamo mzee ni mpokeaji tu.

Mazungumzo si lazima, na wasimamizi wanalielewa hilo. Bibi mmoja wa upande wa wanawake hazungumzi karibu kabisa; mtembeleaji wake hubeba karanga, wakazimenya pamoja hadi saa inakwisha. Nimesikia watu wakisema kuwa huko ni kupoteza muda. Mimi naona bibi yule huwa wa kwanza kusogeza kigoda.

Kasoro zipo, na baadhi si ndogo. Wanafunzi wakimaliza muhula huondoka, na mzee huletewa mtu mpya bila yule wa awali kuja kumtambulisha wala kuaga. Ofisini lipo daftari la kumbukumbu lililokusudiwa kuziba pengo hilo, lakini wengi huandika tu kwamba mzee yu salama, maneno ambayo hayamsaidii anayefuata. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, barabara huharibika, nauli ya bodaboda hupanda, na kwa kuwa kila mtu hujilipia, mahudhurio hupungua. Baya kuliko yote, hakuna utaratibu wa kumwarifu mtembeleaji pindi mzee wake anapofariki. Mwenzetu mmoja alifika na matobolwa yake, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mkononi akakuta kitanda kimekwisha kutandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Kikundi kinachoweza kumfundisha mtu upande wa kukaa kinaweza pia kupiga simu.

Kwa sababu hizo naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Anayetaka kujiunga ajue kwamba anafunga mkataba wa mwaka mzima, na asiyeweza ni heri aendelee kuleta sabuni, kwani mzee aliyezoeshwa mgeni kisha akaachwa huwa katika hali mbaya kuliko alivyokutwa. Kwa sasa wanaohitajika zaidi ni wanawake wa makamo, kwa kuwa bibi kadhaa hawako huru mbele ya vijana wa kiume, pamoja na watu wanaosema Kinyamwezi au Kiha kwa ufasaha, maana baadhi ya wazee, kumbukumbu zinapofifia, Kiswahili kinawatoka kwanza na wanabaki na lugha waliyolelewa nayo. Maombi hupokelewa kabla ya mvua kuanza, na barua ya mtaa ndiyo inayochelewesha wengi, hivyo ni vizuri kuanza nayo.