Kozi ya farasi ya watoto hapa Bagamoyo, nyota moja... au tatu, sijui

Niseme mapema hasira hazijaisha, na mtu asiniambie ni mambo ya zamani. Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka, nikamwandikisha binti yangu kozi ya watoto ya kupanda farasi hapa Bagamoyo, sehemu yenyewe siitaji, wanaoijua wataijua tu. Binti ana miaka kumi na moja na farasi alikuwa hajawahi hata kumgusa. Baba yake mdogo ni mwalimu wa historia, alicheka mpaka akakohoa, eti pwani hii na farasi wapi na wapi, Stanley, yule mpelelezi Mzungu, mwaka 1871 alitoka hapahapa Bagamoyo na farasi wawili na wote wakamfia njiani, na ndo maana mizigo ya misafara ilikuwa inabebwa na wapagazi, mbung'o walikuwa hawabakishi mnyama. Haya shemeji, tumekusikia.

Wiki ya kwanza nilikuwa nawasifia kila ninapokaa. Siku mbili za mwanzo mtoto hakupandishwa kabisa, nikataka kulalamika, kumbe ndo inavyotakiwa, kwanza apige brashi, achokonoe uchafu kwenye kwato kuanzia kisigino kuja mbele, ajifunze kumsogelea kwa ubavuni karibu na bega huku anaongea, maana nyuma yake kabisa farasi haoni na ukimshtua utalijua teke. Nyumbani ikawa mkono wa kochi ndo farasi, kanga yangu ndo hatamu, mdogo wake anafokewa "kaza tena mkanda, katunisha tumbo!" Yani farasi mjanja, unapomfunga tandiko anajaza tumbo, usiporudi kukaza mara ya pili tandiko linazunguka na wewe uko chini. Yote hayo kafundishwa na mzee mmoja saisi, mtunza farasi wa pale, mpole huyo, anaongea na farasi kama anaongea na wajukuu.

Sasa Jumamosi ya mwisho, mashindano. Watoto wanapita na farasi kati ya fito zigizaga, halafu wanabeba ndimu kwenye kijiko wakiwa juu ya farasi. Mimi nikamsukisha. Hilo ndo kosa langu, nimempeleka kwa msusi Alhamisi akasukwa rasta nene nzuri zikakusanywa juu, mtoto anaenda kupigwa picha jamani, na bibi yake anakuja kutoka Kaole kumuangalia. Tumefika, helmeti haiingii. Imekaa juujuu kama sufuria kwenye mafiga.

Yule dada mwenye listi akaziangalia nywele, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti wazazi wote wanasikia, "Mambo ya manywele haya, ndo maana nasemaga hiki kitu sio chenu."

Sio chenu! Na yeye mwenyewe wigi limemfika mabegani.

Kuhusu helmeti yenyewe, nikiwa mkweli, alikuwa sahihi. Helmeti inayocheza kichwani ni sawa na hujavaa, hata boda wa stendi wanajua elementi ya kuning'iniza kwenye usukani haijawahi kuokoa mtu. Ningekuwa mimi ningemkatalia pia. Lakini meseji yao ya WhatsApp iliandika suruali ndefu, ikaandika kiatu chenye kisigino kifupi ili mguu usipitilize kwenye kile kikuku cha kukanyagia, ikaandika maji ya kunywa, mpaka mafuta ya jua wakaandika, nywele hamna. Umefungua biashara Bagamoyo na hujui watoto wa hapa wanasukwa? Nikaomba basi nirudishiwe hata nusu, akasema hela hairudi mama ungesoma fomu. Fomu ya Kiingereza kurasa nne, na bibi wa mtoto anasubiri kwenye kiti cha plastiki juani.

Hapo nikapandisha hasira. Nikamwambia mbona Marekani kwenye vile vikundi vya vijana vya 4-H mtoto anashindana mambo ya farasi bila hata kupanda, wanawekewa farasi wanne, anawapanga nani wa kwanza nani wa mwisho, kisha anasimama mbele ya jaji anaeleza sababu kwa mdomo wake, si mngempa hata hilo? Akanijibu, "Basi mpeleke Marekani."

Ningesema nini. Mtoto analia, bibi yake ananivuta kanga nisije nikafanya jambo.

Mzee saisi alikuwa anasikia yote. Hakugombana na mtu, akamshika binti mkono, "Njoo mjukuu wangu, leo unikagulie," akamsimamisha pale kwenye geti la uwanja aangalie kila farasi kabla hajaingia. Wa kwanza kapita, wa pili kapita. Wa tatu mtoto akanyoosha mkono akasema huyu asiingie, mkanda umelegea. Juu yake kuna kijana wa familia moja ya kuheshimiwa pale, yule dada akaanza oh muda umeenda, oh mwacheni apite, mzee akaingiza vidole chini ya mkanda, ukapita mkono mzima. Dada akajidai anasoma listi.

Kwa hiyo nyota sijui niweke ngapi. Nilifungua simu niweke moja. Mzee peke yake anastahili tano, dada hana hata nusu, ile fomu nayo ina kesi yake, na nilimuapia mume wangu kwamba pale sikanyagi tena, yeye ni shahidi.

Kozi nyingine iko likizo ya Desemba. Nimeshalipa, msiniulize. Msusi nimeshamwambia, msuko wa twende kilioni, nyembamba, zilale kabisa.