Nimezunguka Tanzania kwa hela yangu: wapi panalipa, wapi subiri kwanza

Haya wadau, karibuni tena. Leo hapa mezani hamuoni blenda wala jiko la gesi. Bidhaa ya leo haiingii kwenye boksi: ni vivutio vya Tanzania. Nimevilipia mwenyewe, likizo tatu mfululizo, hakuna aliyenipa chumba cha bure wala lifti, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Kwanza tuelewane naongea na nani. Video nyingi za utalii zinamlenga mgeni anayelipa kwa dola. Mimi naongea na wewe wa Mbagala, wa Kihonda, wa Uyole, mwenye kitambulisho cha NIDA na likizo ya siku saba. Kwako hesabu ni nyingine kabisa. Kiingilio cha mwananchi hifadhini kinalingana na sahani ya chipsi kuku, wakati mwingine na soda yake. Ukimsikia mtu anasema hifadhi ni ghali, muulize getini alilipa ngapi na mwenye gari alimlipa ngapi. Ya getini hata haikumbuki. Ya gari ataisimulia mpaka kwa wajukuu.

Nchi yenyewe ni zaidi ya kilomita za mraba 940,000. Mgeni anarushwa na kindege kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, wewe uko kwenye basi la alfajiri umekumbatia begi. Ndiyo maana leo sitoi alama kwa umaarufu. Napima vitu vitatu: gari, barabara na msimu.

Tuanze na Ngorongoro, maana ndiko nilikolizwa. Tulikuwa watano, tumechanga gari la siku moja kwa wakala mmoja pale Arusha. Jina lake nalimeza. Makubaliano ilikuwa atupitie saa kumi alfajiri. Gari limekuja saa mbili na nusu asubuhi, dereva anatafuna mhindi, na ukiangalia nyuma, mahali pa tairi la akiba pamebaki bolti tupu. Kutoka mjini mpaka geti la Loduare ni karibu kilomita 160, halafu kuna kupanda ukingo, halafu kuna kushuka. Magurudumu yamegusa chini ya kreta saa saba mchana, na jioni ni lazima utoke. Piga hesabu mwenyewe. Hela ya siku nzima, tumekula nusu.

Sasa nisiwe mchoyo wa sifa. Ile nusu tuliyoila ni tamu. Volkano kubwa ilibomoka ikaingia ndani, likabaki bakuli la kilomita za mraba kama 260, kuta zake zinafika mita 600. Ukisimama ukingoni, nyati kule chini ni kama punje za pilipili manga zilizomwagika kwenye mkeka. Na baridi! Mimi nilitoka Dar na fulana moja. Ukingo uko juu ya mita 2,200, ukungu unaingia mpaka kwenye soksi. Mdogo wangu Shabani, huyu anayeshika kamera, alinilazimisha nivae taulo.

Shabani huyohuyo akauliza, mbona hatuoni twiga? Dereva, na hapa nampa haki yake, akajibu vizuri: twiga hawaishi mle ndani, kuta ni kali, miguu ile haiteremki. Tembo wapo, simba wapo, kifaru mweusi yupo. Wetu alikuwa mbali, tulidhani ni jiwe mpaka jiwe likahama.

Kwa hiyo Ngorongoro nunua, ila usinunue ya siku moja kutoka Arusha. Lala Karatu, vyumba vya kawaida vimejaa, mshike dereva uso kwa uso usiku ule, angalia tairi la akiba kwa macho yako, na mapambazuko yawakute getini.

Serengeti nitakuwa mfupi. Ni kilomita za mraba 14,763, na watu wanakwenda bila kuuliza nyumbu wako wapi. Nyumbu hawakusubiri. Mwezi wa pili wako kusini, upande wa Ndutu, wanazaa, ndama laki kadhaa ndani ya wiki chache. Kuvuka Mto Mara ni kaskazini kabisa, kuanzia mwezi wa saba hivi mpaka wa tisa, wa kumi. Ukienda Seronera mwezi wa nane ukitegemea kuona mamba na nyumbu mtoni, umepotea kwa kilomita kama mia. Seronera utaona simba, na utaona magari kumi na nane yamemzunguka simba mmoja aliyelala. Mimi nilihesabu. Kama huna watu sita wa kuchanga gari, Serengeti isubiri.

Kilimanjaro je? Mita 5,895, hata kwa mwananchi ukijumlisha waongozaji, wapagazi, chakula na kukodi makoti, ni hela ya kiwanja cha kijijini. Lakini kuna siri watu wa Moshi wanaijua: unaingia geti la Marangu, unapanda na mwongozaji mpaka vibanda vya Mandara, mita 2,720, unarudi jioni. Umepita msituni, umeona mbega weupe, umesema umepanda Kilimanjaro, na hujadanganya sana.

Sasa ndiyo tufike kwenye kitu ninachokipenda. Morogoro.

Mikumi wengi wenu mmeiona bila kujua, maana barabara ya Dar kwenda Iringa inaikata katikati, kilomita kama 50. Abiria wa Mbeya wanaona twiga huku wanamenya mayai ya kuchemsha. Pale pembeni kuna mabango ya faini ukigonga mnyama, kila mnyama na bei yake kwa dola, na twiga bei yake imemzidi simba mbali! Mnyama wa taifa siyo mchezo. Lakini kupita siyo kuingia. Ukikata kulia getini ukaingia uwanda wa Mkata, unaona makundi ya tembo na nyati, na kwenye bwawa la viboko unaruhusiwa kushuka garini. Kutoka Dar unafika kwa lami mpaka mlangoni, na siku hizi treni ya SGR inakufikisha Morogoro kabla ya saa mbili kuisha, unamalizia kwa basi. Gari la kukodi la nusu siku lipo pale mji wa Mikumi, mnachanga watatu wanne. Hii ndiyo hifadhi ya mtu wa wikiendi.

Ila ukiniuliza mimi, ukifika Mikumi mjini usirudi. Kata kushoto njia ya Kidatu, uende Mang'ula, Milima ya Udzungwa. Kwa nini? Kwa sababu Udzungwa hakuna gari! Ni hifadhi ya kutembea kwa miguu. Ule mzigo wote niliokuwa naulalamikia tangu mwanzo unaanguka. Unalipa kiingilio chako, unalipa mwongozaji, unafunga kamba za viatu.

Tulipanda kwenda Maporomoko ya Sanje, yanateremka kwa ngazi, kubwa lake lina kama mita 170. Njia ni mizizi na matope, jasho linakutoka mpaka kwenye kope. Mwongozaji wetu anatembea mikono nyuma kama anakwenda kulipa bili ya maji. Katikati akasimama, akanyoosha kidole juu: mbega wekundu wa Udzungwa, hawa huwapati kwingine duniani, wanatuangalia kama sisi ndio kivutio. Ukifika juu ya maporomoko unageuka, unaona bonde la Kilombero lote chini, mashamba ya miwa yamepangwa kama daftari la mistari, na moshi wa kiwanda cha sukari unapanda polepole. Nilikaa pale nikala chapati yangu baridi. Sijawahi kula chapati baridi kwa raha namna ile.

Kasoro? Zipo. Mvua za masika njia inateleza kama sabuni. Malazi ya kawaida tu, usitegemee bwawa la kuogelea. Na siku ya pili mapaja yangu hayakutaka kushuka ngazi za nyumba ya wageni, nilishuka kinyumenyume, mhudumu anacheka.

Nyanda za Juu Kusini sasa. Hifadhi ya Kitulo, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, maua ya mwituni juu ya mita 2,600. Tatizo lake ni la kikatili: maua yanachanua kuanzia Desemba mpaka Aprili, na hiyo ndiyo mvua. Ukienda wakati wa barabara nzuri, unakuta majani makavu. Tulipandia Chimala, zile kona 57, na nilizihesabu mpaka ya 31 nikaacha kwa sababu ya tumbo. Juu kule kuna okidi za ardhini, mizizi yake ndiyo ile inayochimbwa kwa wizi na kuvushwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha kule. Mwongozaji alituonyesha shimo jipya, udongo bado mbichi. Kakaa kimya, sisi pia.

Ukiwa huko, Kimondo cha Mbozi kipo Songwe. Ni jiwe la chuma kutoka angani, linakadiriwa tani 16. Utakaa dakika 40, siyo zaidi. Lakini nenda uligonge na kidole, linaitika kama kengele iliyojaa, halafu tafuta mahali palipokatwa kwa msumeno zamani ili kuchunguza. Panang'aa. Kama unapita kwenda Tunduma, simama. Kufunga safari kutoka Dar kwa ajili yake peke yake, hapana.

Zanzibar mnaijua, sipotezi muda. Mji Mkongwe ni wa kutembea bila ramani. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Sultani Barghash, ya 1883, sehemu yake ilianguka Desemba 2020, kwa hiyo picha unazoziona mitandaoni nyingine ni za zamani. Urojo usiunywe Forodhani usiku kwa bei ya mgeni. Unywe mchana vichochoroni, mahali ambapo wanafunzi wa shule wamepanga foleni.

Sasa Kilwa. Hapa nivumilieni, nitaongea.

Kilwa Kisiwani iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, pamoja na Songo Mnara, na Watanzania hatuendi. Nilipanda basi Mbagala Rangi Tatu, unapita Somanga, unafika Nangurukuru, unakata kushoto mpaka Kilwa Masoko. Hapo angalia msimu: Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii, watu wakakwama. Masika usijaribu bahati.

Masoko unachukua kibali, unapewa mwongozaji, mnapanda mashua. Mimi nilijifanya mjuaji, sikuuliza maji yanakupwa saa ngapi. Tumekwenda vizuri, tumerudi maji yametoka, mashua imekaa mchangani huko mbali. Viatu mkononi, suruali magotini, tope linavuta mguu kama lina deni langu. Shabani kapoteza ndala moja. Ipo Kilwa mpaka leo.

Kitu cha kwanza unachokutana nacho kisiwani ni Gereza, ile ngome ya ufukweni. Watu wanapiga picha wanadhani ndiyo Kilwa. Siyo. Ingia ndani, ufike Msikiti Mkuu. Sehemu ya zamani ni ya karne ya 11, baadaye ukapanuliwa, kuba na nguzo za mawe ya matumbawe. Nilipitisha kiganja kwenye nguzo moja, unaona kabisa matundu ya tumbawe, yale matundu madogo ya baharini, yamekaa ndani ya ukuta wa msikiti kwa mamia ya miaka. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika mji huu 1331 akausifu uzuri wake. Dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ilipita hapa. Masultani wake walifua sarafu zao za shaba, na moja ilikutwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, nyingine kadhaa ziliokotwa Australia mwaka 1944. Australia, jamani! Na sisi nauli ya Mbagala inatushinda.

Kisha mnatembea kwenda Husuni Kubwa, juu ya jabali linaloangalia bahari. Ni kasri. Lina bwawa la kuogelea la pembe nane, lililochongwa kwa ustadi, sasa kavu, mijusi wanaota jua ndani yake. Mwongozaji, kijana wa hapohapo kisiwani, alituambia akiwa mdogo walikuwa wanacheza kombolela mle. Bibi yake alitupitia na ndoo kichwani, akatusalimu, akauliza kama tumekula. Kumbuka kisiwa kina watu, kina shule, kina mbuzi. Siyo makumbusho ya kufungwa kwa kufuli.

Kasoro za Kilwa nazitaja: kivuli ni haba, maji beba mwenyewe, mabango ya maelezo ni machache, kwa hiyo ukimpata mwongozaji mvivu utaona mawe tu. Uliza Masoko nani anajua kusimulia. Na uliza maji yanakupwa saa ngapi!

Kwa hela niliyotumia siku ile ya Ngorongoro, Kilwa nilikaa siku nne, nikala pweza, na chenji ikabaki.

Safari ijayo nataka Kigoma, Gombe kwa sokwe. Kama kuna mdau amepanda boti ya abiria ya kupita Gombe, siyo ya kukodi, ya abiria, aniambie inaondoka saa ngapi na inarudi lini. Shabani ameshanunua ndala mpya.