Ripea kiti ya kabureta kwenye Corolla KE70 (injini 4K), uzoefu wangu

Wakuu, kwa mliobaki na Corolla za zamani kama KE70 hizi zilizoanza kutoka 1979, yangu ina 4K ya cc 1290 na nimefunga ripea kiti ya kabureta (ile seti ya vipuri vidogo vya kuifufua kabureta ya zamani), nimeitembelea vya kutosha sasa naweza kuiongelea.

Shida ilikua hivi. Asubuhi ukivuta choki inawaka safi kabisa, ikishapata moto ndo balaa linaanza, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka, inamisi, kwenye foleni moshi mweusi na harufu ya petroli mpaka abiria wanashusha vioo, afu ukizima kidogo tu dukani ukirudi haiwaki mpaka ukanyage mafuta hadi chini upige stata muda mrefu. Plagi ukifungua zote nyeusi na zimelowa. Fundi akaniambia "bosi hii kabureta imekufa, kachukue nyingine Gerezani" (kwenye maduka ya spea, Dar). Sasa zile mpya zinazouzwa siku hizi nyingi ni kopi, nimeziona kwenye magari ya washkaji, silensa haitulii na gari inakunywa kuliko mwanzo, kwaiyo nikakataa, nikaenda kwa fundi mwingine mzee anayezijua hizi 4K.

Yeye hakushika hata spana kwanza. Hizi kabureta za Aisan zina kioo kidogo ubavuni, gari ikiwa silensa petroli inatakiwa isimame katikati ya kioo. Yangu kioo kizima kilikua kimejaa, na tulivyotoa easklina (kichujio cha hewa) tukachungulia kwenye koo la kabureta petroli inadondoka yenyewe bila kukanyaga kitu. Hapo hamna kubahatisha tena, sindano ya floti (boya linapopanda na petroli huisukuma ifunge mafuta) haifungi. Kufungua, ncha yake imelika duara unalisikia kabisa kwa ukucha, na kile kichujio kidogo cha kwenye siti (tundu ambalo sindano inaliziba) kimejaa kutu ya tenki. Floti tukaizamisha kwenye maji ya moto, haikutoa mapovu, maana yake haijatoboka, ikarudi ileile.

Kiti inakuja na gasketi, sindano na siti yake, pistoni ya pampu ya akselereta na vigololi. Sindano ni nzuri sana, mzee aligeuza mfuniko juu chini floti ikaikandamiza, akapuliza kwa mdomo kwenye njia ya mafuta, hewa haikupita hata kidogo. Jeti (vitundu vya kupimia petroli) akazisafisha kwa kompresa, na jamani msikubali fundi azichokonoe na waya, tundu likipanuka hapo ndo utaiua kabureta kweli. Gasketi ya mfuniko ndo sijaipenda, tundu moja halikulingana na la zamani, ingefungwa vile ingeziba njia, ikabidi kulitoboa upya. Kwaiyo ya zamani usiitupe, ilaze juu ya mpya ulinganishe kwanza.

Baada ya hapo petroli imesimama katikati ya kioo na haijapanda tena, moshi umeisha. Ila misi kidogo ilibaki, na hapa wengi wanarudi kuilaumu kabureta wakati tatizo ni moto wa plagi. Pointi za kwenye distribyuta zilikua zimeungua, tukaweka mpya gepu 0.45 mm, plagi mpya 0.8 mm, ikatulia. Skrubu ya mikscha (mchanganyiko wa petroli na hewa) unaifunga taratibu mpaka igote bila kulazimisha, unairudisha kama raundi 2 na nusu, afu unaimalizia injini ikiwa ya moto.

Kitu kimoja mafundi wengi hawakwambii na kinaniuma maana kinaua injini za watu: kabureta ikimwaga muda mrefu petroli inashuka mpaka kwenye oili. Chomoa stiki ya kupimia oili unuse, ukisikia petroli mwaga oili yote weka mpya na filta yake, ile oili imeshakua nyepesi hailindi beringi. Mimi yangu ilikua inanuka waziwazi, tukamwaga siku ileile. Na filta ya petroli badilisha pia la sivyo kutu inakuja kukaa kwenye sindano mpya.

Bei haikufika robo ya kabureta ya kopi. Naipa 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya gasketi. Ukienda kununua beba kabureta yenyewe mkononi, usitaje tu "ya Corolla", maana ya 4K na ya 2E (injini ya Corolla nyingine) hazifanani kabisa na muuzaji atakupa yoyote iliyo karibu.