Kesi ya utekaji Mbeya: isikilizwe mpaka mwisho au mtu akiri kwa makubaliano?

Kwanza tuliondoe wazo la wazee, kwamba familia zimalizane nyumbani. Kumteka mtu ni kosa kubwa la jinai; familia haziwezi kulimaliza sebuleni Tukuyu kwa ng'ombe wawili kisha zikaifuta kesi. Mahakama husuluhisha makosa madogo ya watu binafsi, si haya.

Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kusikiliza shauri lote. Mwendesha mashtaka anatakiwa athibitishe bila kuacha shaka yoyote ya msingi, na hapo ndipo mzigo unapomwangukia shahidi. Mama anatoka Chunya alfajiri, samansi kaikunja kwenye fundo la khanga, anafika mjini kuambiwa kesi imeahirishwa. Mara ya tatu nauli hana. Faida yake: ushahidi wote unapimwa hadharani, na mshtakiwa asiyeridhika na hukumu anakata rufaa.

Ya pili, makubaliano ya kukiri kosa, iliingia katika sheria yetu mwaka 2019. Upande wa mashtaka na mshtakiwa wanaandikiana, mahakama inahakiki kwamba hakulazimishwa, na fidia inaweza kuwemo. Inapopatikana nafasi, mlalamikaji naye husikilizwa. Lakini mlango wa rufaa unabaki upenyo tu, na kama aliyetekwa ni mtoto akafanyiwa ukatili wa kingono, kosa hilo la kingono haliingii kwenye makubaliano kabisa.

Kwa shahidi wa mbali, mimi naipendelea ya pili. Kwa anayesema hakuteka mtu, hapana: asikubali kutia saini kwa sababu tu amechoka mahabusu.