Mwenye kifafa: kujifungua kawaida au kwa upasuaji?
Majirani humwambia mjamzito mwenye kifafa, "Wewe ni wa kisu tu." Si kweli, na inaniuma kuona wanavyotishwa. Kifafa peke yake si sababu ya upasuaji (kifafa cha mimba ni ugonjwa mwingine kabisa).

Kwa gharama na kupona, njia ya kawaida inashinda. Udhaifu wake ni uchungu mrefu: maumivu, kukosa usingizi na kuruka dawa huweza kuamsha kifafa, ingawa wengi hawaanguki leba.

Upasuaji unashinda pale mama anapoanguka mfululizo au hawezi kusukuma. Ila kidonda nacho huiba usingizi.

Dawa zimekutuliza? Panga kawaida, kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Bado unaanguka mara kwa mara? Zungumza na daktari mapema. Vidonge usiache, hata ukiwa leba.