Darubini ya 8x42 kwa kuhesabu vipanga juu ya Bukavu: uzoefu wangu

Nianze na ile ya kwanza, maana ndiyo iliyonifundisha. Niliinunua dola 25 kwenye duka moja la vitu vya simu hapa mjini. Juu ya boksi wameandika kwamba inakuza mara 10 mpaka 30, na muuzaji akanionyesha mlangoni jinsi inavyosoma namba ya pikipiki upande wa pili wa barabara. Nikaamini. Jumapili iliyofuata nikapanda nayo Ciriri, juu ya Kadutu, nikaangalia angani dakika kumi, kichwa kikaanza kuuma. Mirija yake miwili haikutazama mahali pamoja. Kila ndege nilimwona wawili, mmoja juu kidogo ya mwenzake. Kwa mtu aliyekuja kuhesabu, hilo si kosa dogo.

Kazi yenyewe ni hii. Kuanzia Oktoba, huko Urusi na Ulaya ya mashariki majani yanapopukutika na baridi kuingia, ndege mbuai kama vipanga wanashuka kusini. Sisi hatuna majira hayo, kwetu ni mvua tu. Wengi wanafuata bonde la ufa, na wako wanaofika mpaka Afrika Kusini. Ndege wa mabawa mapana hapendi kuvuka maji makubwa, kwa sababu ile hewa ya moto inayompandisha bila kupiga bawa hutoka kwenye ardhi iliyochomwa na jua, si kwenye ziwa. Ndiyo maana mtu akikaa kwenye mgongo wa kilima kandokando ya ziwa Kivu, akiwa na subira, anaweza kuwaona wakipita. Hapa si Batumi kule Georgia, ambako zaidi ya milioni moja hupita katika msimu mmoja. Kuna siku nimeteremka na watano kwenye daftari, na wawili kati yao bado ninawashuku.

Darubini ya pili, jumeli kama tunavyosema hapa, ni ya mtumba: 8x42, dola 140, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Safari hii sikukubali kuonyeshwa pikipiki. Niliikazia kwenye ukingo wa bati la nyumba ya mbali, nikafumba jicho hili, nikafumba lile, kuona kama ukingo unaruka. Haukuruka. Kisha nikamulika tochi ndani kutafuta kuvu, maana mji wetu una unyevu na kuvu wanakula vioo polepole. Palikuwa safi.

Hiyo 8 ni mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Rafiki zangu wote waliniuliza kwa nini nimelipa zaidi kwa kitu kinachokuza kidogo. Jibu ninalo baada ya misimu miwili: ukikuza sana unamwona ndege mmoja vizuri na kupoteza ishirini. Vipanga wakipata hewa ya moto wanazunguka pamoja kama majani kwenye kisulisuli, wakipanda. Hapo usihesabu, utachanganyikiwa. Ngoja wafike juu, waanze kuteleza mmoja mmoja kuelekea kusini kwa mstari. Huo mstari ndio unaohesabiwa, na lazima uenee ndani ya duara la kioo. Kwa 8 unaenea. Tena mkono hautetemeki sana, hata ukiwa umetoka kupanda kilima na moyo unadunda.

Kutambua ni habari nyingine. Shakivale wa kwetu, aina ya kipanga mwenye tumbo jeupe na mkia mwekundu, anakaa hapa mwaka mzima, na darubini hii inamtenga na wageni bila shida. Mgeni wa kutoka nyika za Urusi ana baka jeusi kwenye kiungo cha bawa, nalo naliona vizuri mawingu yakiwa nyuma yake. Mbingu ikiwa buluu tupu, hata ndege mwenyewe simpati. Mwewe ndio wananishinda. Wa hapa ana mdomo wa njano, wa Ulaya mdomo mweusi, lakini nani anauona mdomo wa ndege aliye juu ya kisiwa cha Idjwi? Naandika "mwewe", basi.

Ubaya wake. Mkanda wake unakata shingo. Nimeushonea kipande cha kitenge. Vifuniko vya mbele vimepotea wiki ya pili. Mimi navaa miwani, na nisipokunja zile pete za mpira kwenye macho naona kama natazama ndani ya bomba. Mvua ikinyesha inapata ukungu kwa nje, naufuta na kuendelea. Ndani haujaingia mpaka leo.

Jambo ambalo hakuna boksi linaloliandika: katika mji wetu wa sasa, mtu mwenye jumeli juu ya kilima ni mshukiwa kabla hajasalimia. Mimi naanza kwa shefu wa mtaa, namwonyesha daftari, namwachia jina. Vioo sivielekezi kwenye nyumba, wala barabara, wala kwa mtu mwenye silaha. Juu tu. Na mtoto akiniuliza "Papa, ile kitu inaonaka mpaka wapi?", nampa aangalie. Mama mmoja anayelima pale karibu alinisimamia na jembe lake: "Papa, hawa wezi unawahesabiaka nani?" Nikamweleza kwamba kule Pennsylvania, Marekani, kuna mlima ambako watu walikuwa wakienda kuwapiga risasi ndege hawa wanapopita, mpaka mwanamke mmoja, Rosalie Edge, alipoikodi ardhi ile mwaka 1934 akaweka mlinzi. Mlinzi akaanza kuhesabu. Miaka ikapita, madaftari yakaonyesha tai wachanga wanapungua, na baadaye ikajulikana dawa ya wadudu ya DDT inafanya maganda ya mayai kuwa membamba. Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Aya, andika na vifaranga vyangu vitatu."

Pamoja na darubini nilinunua kile kihesabio cha chuma cha kubonyeza kwa dole gumba, dola 4. Kinakuacha uendelee kutazama juu badala ya kuinamia daftari. Ila usikitie mfukoni: kitufe cha kurudisha sifuri kilizunguka chenyewe nikila muhindi wangu wa kuchoma, asubuhi nzima ikafutika. Sasa naandika kila saa inapokamilika. Wala usiamke usiku kwa kazi hii. Kabla ya saa tatu asubuhi ardhi haijapata moto na vipanga hawajaondoka walipolala.

Darubini naipa nyota nne kati ya tano, ile moja imeliwa na mkanda. Ile ya dola 25 muuzaji alikataa kuirudisha, kwa hiyo bado ninayo. Mtoto wa jirani ameziba mrija mmoja kwa gundi ya karatasi, na kwa jicho moja anasema inaona vizuri kabisa.